Chumvi Bila Filimbi

Julai 9

Vaileth kaniambia niandike. Anasema nikiendelea kuyatoa haya kwa mdomo nitawamaliza majirani kwa matusi, na yeye ndiye anayekaa nao mchana kutwa. Basi naandika. Mimi Asteria, nakomba chumvi kwenye mabwawa ya Husseni, ng'ambo ya mikoko, na msimu huu nataka kumwona Noel analia.

Noel ndiye msimamizi wetu. Leo Jumapili tumesali naye, yeye benchi la tatu, mimi la tano. Padri aliposema tupeane amani, watu wakageukiana na kushikana mikono. Noel aliponiona nyuma yake akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havina kamba.

Mwaka jana, chumvi ikiwa imeiva, Vaileth mdogo wangu alikanyaga msumari ndani ya bwawa. Alikuwa pekupeku kama sisi sote. Noel akautazama mguu, akasema, "Chumvi ni dawa. Itaukausha." Kila Vaileth alipoomba ruhusa ya kwenda kutibiwa, jibu lilikuwa hilo hilo. Siku aliyoanguka kwa homa, pikapu ilikuwa imesimama pale pale, imejaa magunia. Nilimpigia Noel magoti. Akasema gari limeshapakiwa, halipakuliwi kwa ajili ya mtu mmoja. Tulimtoa kwa bodaboda, nimemfunga mgongoni kwangu kwa khanga. Hospitali wakamkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Tangu hapo Noel hajasema pole. Anapita na pikipiki mbele ya nyumba yetu, Vaileth yuko barazani na magongo yake, yeye anageuza uso upande wa pili. Hapa kwetu hata aliyejikwaa njiani anapewa pole na mtu asiyemjua.

Julai 12

Upepo mkali, jua zuri. Noel kapiga filimbi mara nyingi kuliko alivyopumua.

Julai 20

Bahari imejaa bamvua, maji makuu ya mwezi, tumefungua mlango, maji yameingia bwawa la juu. Kutoka hapo tunayashusha bwawa kwa bwawa, yakizidi kuwa mazito, mpaka la mwisho ambako jua linamaliza kazi na chumvi inakaa chini kama ukoko wa wali. Ukiwahi kuyashusha, chumvi inatoka chungu. Ukichelewa, inaganda pasipotakiwa. Haya yote tunayajua sisi tunaokomba. Noel anajua filimbi: ya kuanza, ya kupumzika, ya kunywa maji.

"Huyu angepewa na filimbi ya kupumua," alisema Biubwa, mkongwe wetu, "tungekuwa tumezikwa zamani."

Tuna mgeni, Farhan, mtu wa makamo. Ametoka Msata, alikokuwa anapakia malori. Wakati wa kula alituambia kwamba wapakiaji wenzake hawakuwa na mkubwa. Lori likisimama wanakaa kidogo, wanakubaliana, wanapanda. Na anayezungumza na dereva leo, kesho anazungumza mwingine.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Dada Asteria, mtu akizoea kutusemea atasahau kutuuliza."

Julai 21

Nimeota Noel amezama kwenye tope hadi kiunoni. Nilikuwa na kamba mkononi. Nikaikunja vizuri nikaenda nayo nyumbani.

Agosti 5

Biubwa anamwoza mjukuu wake. Tangu alfajiri uani kwake masufuria yamepangwa, moshi hauonyeshi mtu. Nilimpeleka Vaileth kwa bajaji. Hakuna aliyempangia la kufanya. Alikaa kwenye mkeka wa vitunguu, akasogezewa kisu, akaanza kumenya. Farhan alikuwa analeta kuni. Akasimama akatuangalia.

"Shikamoo, Bi Biubwa. Msimamizi wa hapa ni nani?"

"Marahaba. Msimamizi wa nini, baba?"

"Wa hili pilau la mtaa mzima."

Biubwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Ukiniletea msimamizi hapa wali utaungua. Anayejua moto yuko kwenye moto. Anayejua nyama yuko kwenye nyama. Moto ukizidi mtu anapiga kelele, wengine wanakuja kuvuta kuni. Mambo yanakwenda."

"Basi na chumvi ndiyo hivyo hivyo," Farhan akasema, akatua mzigo.

Wanawake waliendelea kumenya, lakini niliona visu vimepunguza mwendo.

Jioni Vaileth akanisomea kwenye simu. Kumbe ameyatafuta maneno ya Farhan na amekuta yana jina, tena refu: anako-sindikali. Anasema zamani huko Ulaya watu wa viwanda, wa treni na wa mashamba waliungana kwa kazi zao, siyo kwa vyama vya siasa, na mahali pengine wakaziendesha wenyewe. Hawakumngoja bosi awe mwema wala serikali iwaonee huruma. Silaha yao ilikuwa mikono, maana mikono ikikunjwa kila kitu kinasimama. Na aliyetumwa kuwasemea wenzake waliweza kumshusha wakati wowote.

"Walishinda?"

"Kwa muda. Baadaye walipigwa."

"Na wasimamizi wao waliwafanya nini?"

"Wengine walipewa koleo wafanye kazi na wenzao."

Nikamwambia hiyo ni adhabu ndogo sana. Akaweka simu chini. "Dada, mimi sitaki Noel avunjike. Nataka ile nafasi anayosimama isiwepo tena, asije akasimama mwingine."

Nilimwelewa lakini sikukubali. Nafasi haina mdomo. Aliyesema chumvi ni dawa ana mdomo, na ana meno, na anakula vizuri.

Agosti 11

Amekuja bwana mmoja wa chama cha wafanyakazi, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Anataka tuchague mwenyekiti, katibu na mweka hazina, waende semina, kisha tusubiri mazungumzo mwakani. Biubwa akamwambia mwakani chumvi ya mwaka huu itakuwa imeshaliwa. Yule bwana akasema bila viongozi hatutatambuliwa. Mwanvita, tunayefanya naye kazi bwawa la tatu, akajibu, "Mbona Noel anatutambua kila siku, kwa majina na kwa matusi?"

Bwana huyo alifuatana na mtu anayetaka udiwani, aliyekuwa anaitabasamia simu inayompiga picha. Tuliwapa maji ya kunywa, wakaenda zao.

Agosti 13

Kikao uani kwa Biubwa. Hakuna mwenyekiti, anayetaka kusema anasema, wengine wanasikiliza. Tumekubaliana kwamba linalotuhusu sote litaamuliwa na sote tuliokaa mkekani, na kwamba akiguswa mmoja mikono yote inakunjwa. Tukihitaji mtu wa kuonana na Husseni, mwenye mabwawa, tutamtuma na maneno yetu, akayaseme hayo na arudi na jibu.

Hapo nikasimama. Nikasema mjumbe akiongeza neno lake mwenyewe ashuke siku hiyo hiyo, na asiambiwe hata pole. Watu wakapiga makofi, ikawa sheria. Nilikuwa nawafikiria watu wengine, wenye tamaa.

Agosti 30

Chumvi imeiva. Nyeupe mpaka macho yanauma. Mgongo haunyooki, sina cha kuandika.

Septemba 6

Lazima niandike yote leo.

Nilikuwa bwawa la mwisho na Biubwa niliposikia Mwanvita amepiga ukelele. Kipande cha bati kilikuwa kimezama matopeni, kimemchana unyayo kutoka kidoleni mpaka kisiginoni. Maji yalikuwa yanageuka rangi. Tukamtoa, tukamkalisha kwenye tuta. Noel akaja bila haraka, filimbi inaning'inia kifuani. Akainama, akautazama.

"Chumvi ni dawa," akasema. "Itaukausha."

Maneno yale yale. Hakubadilisha hata moja. Mtu amekata mguu wa mdogo wangu kwa maneno na hajaona hata haja ya kutafuta maneno mapya!

Nilikuwa na beleshi. Sikumbuki kuliinua, ila nakumbuka kisogo cha Noel na jinsi nilivyochagua mahali. Kisha nikahisi mpini umeshikwa nyuma. Biubwa.

"Siyo hivyo," akaninong'oneza. "Kunja mikono."

Akaikunja yake. Aliyekuwa karibu naye akakunja. Sauti ya mareki ikafa, bwawa moja baada ya jingine, mpaka tukasikia upepo tu. Noel akapiga filimbi. Akapiga tena, mashavu yamevimba. Hakuna aliyeinama.

Pikapu ilikuwa getini imejaa magunia, kama mwaka jana. Hatukumwomba mtu. Farhan alipanda nyuma, akashusha gunia la kwanza, tukajipanga kupokezana. Dereva, Simon, alishuka, akasimama kando akikuna shingo. Nilidhani atatuzuia. Akavua shati, akashika gunia.

Noel alikuwa anapiga filimbi wakati wote huo. Tulimlaza Mwanvita juu ya khanga zetu nyuma ya pikapu, Simon akaondoa gari. Hospitali wamemshona na kumchoma sindano. Daktari amesema mguu utapona.

Nimerudi nyumbani nikakaa jikoni nikalia kwa hasira mpaka Vaileth akaogopa. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Ilikuwa kazi ya muda wa kuchemsha chai, mikono yetu hii hii, magunia yale yale. Na mwaka jana mimi nilipiga magoti.

Septemba 8

Husseni amekuja kutoka Mapinga. Huko ana viwanja vya kuuza na nyumba za kupangisha. Chumvi kwake ni kitu cha kukipitia Ijumaa. Akasimama na Noel, akasema tumwombe msimamizi radhi au tuondoke, atatafuta watu wengine.

"Walete, bosi," Farhan akamjibu kwa adabu. "Uwaambie tu bamvua ikija wafungue mlango upi, na maji wayashushe lini."

Husseni akamtazama Noel. Noel akaitazama filimbi yake.

Jioni kikao. Redio zinasema vuli ya mwaka huu itakuwa kubwa. Nikasimama nikasema twendeni makwetu. Tuache chumvi wazi, malundo yote na iliyo mabwawani, mvua inyeshe, iyeyuke, irudi baharini ilikotoka. Husseni ashike kichwa na Noel ashike filimbi. Nilisema vizuri, nikaona watu wanaitikia.

"Hiyo chumvi nimeivuta mimi," akasema Biubwa. "Mgongo huu. Iyeyuke kwa ajili ya Noel?"

Vaileth akajiinua kwa magongo. Wote tukamgeukia, maana yeye hasimami ovyo.

"Tukiondoka tumemwachia Husseni mabwawa na Noel filimbi. Tubaki. Tukombe, tufunike, tujipange wenyewe. Ila lisitoke gunia hata moja mpaka mwenye mabwawa atusikilize."

Mikono ikapanda. Wangu ulipanda mwisho.

Septemba 14

Hatuwaoni polisi wala watu wapya. Labda Husseni amewatafuta akakosa, labda anangoja tuchoke.

Tunafanya kazi bila filimbi. Asubuhi tunakaa kidogo, tunaulizana bwawa gani limeiva, nani anaumwa, nani abebe na nani. Chumvi tunaibeba wawili wawili kwa machela ya gunia na miti miwili, na wa mbele akikimbia wa nyuma anaanguka, kwa hiyo watu wanachaguana kwa mwendo. Jua likiwa kali tunapumzika. Siyo peponi. Jana wanawake wawili wametukanana kwa ajili ya reki moja, na kuna mwenzetu mmoja anachelewa kila siku na uongo mpya. Lakini lundo limekua.

Noel anakaa kwenye kiti mlangoni mwa ofisi. Leo kapiga filimbi ya kunywa maji. Watu walikuwa wanakunywa, wakaacha.

Septemba 19

Lori la Dar limekuja, limekaa, limeondoka tupu. Mawingu upande wa bara.

Septemba 23

Husseni ameita mtu mmoja wa kuzungumza naye. Kikao kimenituma mimi. Farhan alisema, "Aliyeitunga sheria ndiye ataiheshimu."

Nimepewa maneno matatu. Gambuti kwa kila mtu, asiingie tena bwawani pekupeku. Mtu akiumia gari ni lake kwanza, limepakiwa au halijapakiwa. Na msimamizi asiwepo tena, siyo Noel wala mwingine. Kazi tutaipanga kwenye kikao.

Septemba 25

Husseni alinipa kiti na soda baridi. La gambuti alikubali kabla sijamaliza. La msimamizi alifikiri kidogo, akacheka, akasema kama tunaweza kujisimamia basi yeye amepunguziwa mzigo. La gari likamkwama.

"Gari limepakiwa, mteja ananisubiri, halafu nipakue? Dada Asteria, hiyo ni biashara gani?"

Nilipaswa kurudia maneno yangu na kunyamaza. Badala yake dirishani nikamwona Noel, ameegemea ukuta, anajichokonoa meno.

"Nina jingine," nikasema. "Noel aondoke leo. Atoke kwenye ile nyumba yako ya getini anamokaa, yeye na vitu vyake. Na uwapigie simu wenye mabwawa wote wa pwani hii wasimpe kazi."

Husseni akatabasamu kama mtu aliyeuziwa kitu kwa bei ya chini. "Hilo jepesi. Na wewe unisaidie kwenye la gari. Tuseme litampeleka mgonjwa likiwa halijapakiwa. Tofauti ni maneno tu."

Nikasema sawa. Nilisema haraka, nilikuwa nataka nitoke nione.

Na nikaona. Noel alitoa godoro, akalifunga kwenye mkokoteni. Mke wake alibeba sufuria kichwani na hakumtazama mtu. Nilisimama kwenye tuta mpaka wakapotea nyuma ya mikoko. Nitaandika ukweli: ilikuwa tamu, tamu mpaka nilihisi mate.

Jioni kikao. Nikasimama nikaeleza, na la Noel nikaliweka mwisho, kama zawadi. Wengine walipiga vigelegele. Vaileth hakupiga.

"Dada, rudia la gari."

"Mtu akiumia gari litampeleka, likiwa halijapakiwa."

Kuku wa Biubwa walikuwa wanaparura uani, nikawasikia.

"Lile gari," Vaileth akasema, "lilikuwa limepakiwa."

Hapo ndipo nilipokielewa kinywa changu mwenyewe. Nilikuwa nimeuza mguu wake mara ya pili, na safari hii bila mtu kunilazimisha, kwa bei ya kuona godoro likipita.

Farhan akauliza kwa upole, "Mjumbe alitumwa na maneno mangapi?" Nikasema matatu. "Akasema mangapi?" Akauliza nani anataka nishuke. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Vaileth, gongo likamponyoka likaanguka. Ikafuata mingine yote. Nilishuka siku hiyo hiyo, na sikuambiwa hata pole.

Septemba 26

Wamemtuma Mwanvita, anachechemea, na maneno matatu tu. Husseni alikataa asubuhi. Mchana wingu likatanda, lori la Dar likaja tena, dereva akaanza kupiga honi. Husseni akakubali yote. Mwanvita anasema naye alipewa soda, hakuinywa.

Husseni hakutaka kumrudisha Noel. Ameshaona faida ya kutomlipa.

Septemba 30

Mimi na Vaileth tunapitishiana sufuria, hatuzungumzi.

Oktoba 3

Leo Vaileth kanisuka nywele. Alivuta kwa nguvu kuliko kawaida. Mwisho akasema, "Hasira yako naijua, dada. Usidhani mimi sina. Yangu naitunza tu."

Oktoba 7

Gambuti zimefika, zote namba tisa, wengine wetu tunaogelea ndani. Tumejaza matambara. Vaileth sasa yumo kazini nasi: anakaa mlangoni mwa ghala, anasimamia maturubai na kuwaelekeza wabebaji wamwage wapi. Mtu mmoja akauliza kama naye apewe jozi nzima.

"Kila mtu jozi," Biubwa akamkata. "Au yeye siyo mtu?"

Ya kulia amevaa. Ya kushoto ameitundika kwenye msumari chumbani kwetu. Kila nikiamka ndiyo naiona kwanza.

Oktoba 16

Noel amekuja kwenye kikao cha asubuhi. Amekonda, shati linamcheza. Zile simu za Husseni zilifanya kazi. Kila alipobisha amekuta mlango umefungwa. Akasimama pembeni ya mkeka, hakukaa.

"Shikamooni. Naomba nafasi. Ya kukomba tu."

Nilizungumza mpaka sauti ikakauka. Niliyasema yote, msumari, magoti, khanga, filimbi. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza Farhan akasema, "Yote ni kweli. Lakini tulisema hatutaki msimamizi. Huyu aliyesimama hapa siyo msimamizi wa mtu." Mikono ikapanda. Wa Vaileth ulikuwemo. Wa kukataa ulikuwa wangu peke yangu, na niliushikilia juu mpaka ukafa ganzi.

Gambuti zimekwisha, nyingine mpaka mwezi ujao. Atakanyaga kama tulivyokanyaga sisi. Na papo hapo tulipopangana nani abebe na nani, ikaniangukia mimi na yeye. Biubwa alijifanya hanioni.

Oktoba 18

Yeye mbele, mimi nyuma. Natazama visigino vyake. Vimeshaanza kupasuka, na kwenye tuta anaacha alama.

Leo alisimama, akainua unyayo, akauma meno. Nilikuwa nimelitunza neno hili mwaka mzima. Nikamwambia, "Chumvi ni dawa. Itaukausha."

Hakugeuka. Akainua miti yake tukaendelea. Nilingoja raha ije. Ilikuja, lakini haikufika hata ghalani.

Oktoba 22

Mawingu meusi. Radi ya mbali. Malundo mawili bado yako nje.

Jioni Vaileth kaitoa ile gambuti kwenye msumari, kaifuta vumbi kwa kipande cha khanga, akanipa.

"Mpelekee Noel."

"Moja?"

"Ya kulia naitumia."

Nilimtazama usoni. Uso ulikuwa mtulivu kabisa. Ndipo nikajua hasira yangu yote ya msimu mzima ilikuwa mchezo wa kitoto, na kwamba mwenye hasira ndani ya nyumba hii ni mwingine.

Oktoba 23

Mvua imeanza asubuhi, manyunyu kwanza. Tumekimbilia malundo, kila mtu na machela, wengine wanavuta maturubai. Noel alikuwa anafunga tambara kwenye unyayo. Nikaiweka gambuti mbele yake.

"Ya kulia iko wapi?" akauliza.

"Mwenyewe anaivaa."

Nilidhani ataisukuma kando. Akakaa kwenye tuta, akauingiza mguu wake wa kushoto taratibu, akasimama. Ilimtosha.

Tukabeba. Mlangoni mwa ghala Vaileth alikuwa amesimama kwa magongo, ameinua pembe ya turubai ili tupite, gambuti yake mguuni. Noel akawa anamkaribia amevaa ya pili ya jozi hiyo. Akainamisha kichwa, akataka kupita kama alivyokuwa anapita na pikipiki.

"Pole na kazi, kaka Noel," Vaileth akasema.

Mwenyeji wa hapa hawezi kuinyamazia pole, watu wote wakiwa wanasikia. "Nishapoa," akajibu kwa sauti ndogo.

Tulimwaga, tukarudi, tukajaza, tukaja tena. "Pole na kazi, kaka Noel." Sauti ile ile, ya heshima, kama anamwambia kaka yake wa tumbo moja. "Nishapoa." Safari baada ya safari. Mvua ikawa inazidi, na sauti ya Noel ikawa inapungua, mpaka ikawa midomo tu inayotikisika. Mimi nyuma nilibeba tu. Sikuwa na kitu cha kuongeza.

Machela ya mwisho mvua ilikuwa imefunguka kabisa. Wenzetu wote walikuwa wameshaingia ghalani, wametuelekea.

"Pole na kazi, kaka Noel."

Safari hii Noel alisimama mbele yake, maji yanamtiririka usoni, miti ya machela mikononi. Vaileth hakulishusha turubai na hakusogea. Alimngoja.

"Pole, Vaileth," Noel akasema.

"Pole ya nini?"

Niliona mabega yake yanatetemeka, na miti ikaleta mtetemeko ule mpaka mikononi kwangu. Nilikuwa nimeapa kumwona analia, na sasa alikuwa amenipa mgongo, nikashindwa kuuona uso.

"Ya mguu," akasema. Kisha kwa nguvu zaidi, maana Vaileth alikuwa bado anangoja, na watu wote walikuwa wanasikiliza: "Pole ya mguu. Mimi ndiye niliyekataa gari."

Vaileth akaliinua turubai juu zaidi.

"Nishapoa," akamwambia. "Pita, chumvi inalowa."